Mji Wangu na Maziwa ya Mama

Mliniacha darini wiki iliyopita, atlasi ya shule mapajani na kalamu nyekundu mkononi, mji mmoja nimeshaukata. Leo nawapa habari ya wa pili na wa tatu. Mwenye roho nyepesi asisome peke yake.

Kwa wewe uliyenidaka njiani: naitwa Afaf, mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Baba alifariki nikiwa kidato cha nne. Chuo kikuu hapa nchini nilikikosa kwa pointi kiduchu, nikaandika nje, nikajibiwa na vyuo katika miji mitatu: Cardiff, Khartoum na Pune. Nataka kusomea ufamasia. Sitaki kingine, na msinishauri ualimu.

Ami yangu Shamsudin, ndugu yake marehemu baba, mwenye duka la nguo Kuze, alikubali kunisomesha kwa sharti moja. Mji wowote nitakaouchagua, lazima awepo mume au maharimu, yaani mwanamume wa damu yangu asiyeweza kunioa.

"Ami, mimi naenda kusoma, siendi kuchezewa ngoma," nilimwambia.

"Ndiyo maana nataka mtu wa kukuangalia ukisoma," akanijibu.

Cardiff alikuweko mjomba. Mjomba akahamia Toronto bila kuaga mtu, na Cardiff ikaenda naye. Hapo ndipo mliponiacha.

Khartoum alikuweko ami mwingine, mdogo wake ami Shamsudin. Siku iliyofuata ami akampigia simu dukani, mimi nimesimama kando, kati ya vikoi na majora ya kanga.

"Halo? Halo! Mtoto wa marehemu anakuja kwako, mwezi wa saba... Nani? Umeoa? Umeoa lini?"

Nikajua hapo hapo.

Ami aliziba simu kwa kiganja. "Ameoa mke wa pili. Wa kwanza amemfungia mlango."

"Na kwa wa pili?"

"Wa pili, kwao hawamtaki. Analala kwa rafiki."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, mpaka ami akanikodolea macho. Halafu nikaenda nyuma ya majora nikalia, maana nilikuwa nimeshaizoea Khartoum kichwani mwangu, na mito yake miwili, na mimi na mkoba wangu kwenye daraja.

Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa umepata habari. Na mtaa wetu, ambao hauvuki Likoni ila kwa matanga, una maoni juu ya kila mji duniani.

"Afadhali Khartoum imekataa," jirani mmoja alimwambia mama. "Vumbi lile lingemmaliza kifua."

"Na Pune?" akauliza mama.

"Pune mvua miezi minne, mama. Nguo hazikauki. Atavaa buibui mbichi mpaka aote ukoga."

Hapa lazima niwaeleze mama yangu, maana bila yeye hamtaelewa hata kimoja katika yaliyonipata.

Mama anaitwa Bi Bayan. Ni mwalimu wa chuo, yaani madrasa. Wasichana wa mtaa wanasoma Kurani uani kwetu, na sheikh wetu wa mtaa mwenyewe bintiye anasoma hapo. Watu wanampenda mama kwa tabia moja: jambo asilokuwa na yakini nalo, halisemi. Ukimuuliza swali asilo na hakika na jibu lake, atakwambia, "Mungu ndiye ajuaye," na atafunga kitabu, hata kama umekuja kwa miguu kutoka Majengo. Mimi tabia hiyo ilikuwa ikinikera tangu utotoni. Sikujua itakuja kuniua.

Basi ikabaki Pune.

Pune alikuwa akienda na rafiki yangu, Caroline Dama, wa Majengo. Tulisoma dawati moja sekondari, tukaandika pamoja, naye akaitwa chuo kile kile. Alinijia siku moja na mahamri ya mamake ndani ya gazeti.

"Wewe ulichaguaje?" nikamuuliza.

"Kuchagua nini?"

"Mji, Dama."

"Mama aliniuliza huko kuna kanisa. Nikamwambia liko. Akaniambia nenda, ukifika upige simu." Akachukua hamri lake mwenyewe akala. "Twende tu, Afaf. Tutakaa chumba kimoja. Nitamwambia ami yako kuwa mimi ndiye maharimu wako."

"Wewe ni mwanamke, ni Mkristo, na ni Mgiriama. Hakuna hata mlango mmoja wa kukuingiza."

Tukacheka sote. Lakini yeye alikuwa anacheka na tiketi ameshakata, na mimi nacheka nikiwa na atlasi.

Wazo la kuniozesha lilikuwa la ami. Pune alikuweko kijana Zein, Mwamu, mtu wa Lamu, aliyesoma sekondari hapa Mombasa akikaa kwa mjombake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kule. Kijana mpole, anaswali, hana maneno. Mjombake akasema mwenyewe, "Kwa nini msitupe Afaf? Tutaoza kwa wakili, kijana akiwa huko huko, na binti atasafiri akiwa mke wa mtu."

Nilimkubali Zein kama mtu anavyokubali mwavuli wa jirani, mradi asirowe. Ndio ukweli, na mnisamehe.

Halafu akaanza kupiga simu. Kila Ijumaa, dukani kwa ami, ami akijifanya anakunja vikoi.

"Mimi sijui maneno ya posa," alianza Zein mara ya kwanza. "Nikueleze tu mji?"

"Nieleze mji."

Akanieleza. Kuna mzee anauza chai ya tangawizi nje ya maktaba. Kuna chumba amekipata karibu na msikiti, mwenye nyumba ni mjane, ana paka asiyependa watu. Mvua ikianza, barabara zinanuka udongo mbichi.

"Na wanawake wanaendesha pikipiki, Afaf. Watu wazima, na sari zao, na mikoba ya sokoni mbele."

"Muongo!"

"Wallahi. Nitakufundisha."

Ijumaa zilizofuata, simu ikichelewa, mimi ndiye niliyekuwa nakunja vikoi kombokombo. Siwaambii zaidi ya hapo.

Siku ya nikaha hatukualika watu. Ilikuwa kwetu nyumbani, baada ya alasiri: ami ndiye walii wangu wa kuniozesha, mjombake Zein ndiye wakili wa bwana harusi, sheikh na mashahidi wawili sebuleni, na sisi wanawake wachache nyuma ya pazia. Mama alitengeneza kahawa. Halwa ilikuja bado ina moto. Sheikh alisogea penye pazia akaniuliza kama nimeridhia.

"Nimeridhia," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko ilivyotakiwa. Wanawake wakanicheka.

Hapo ndipo nyanyake Zein alipopanda ngazi.

Bi Mwanabaraka alikuwa ametoka Lamu usiku kucha, amechoka, miguu imemvimba. Mamake Zein alikufa zamani, na bibi huyu ndiye aliyemlea. Mipango yote ilipita kwa mjomba, kwa hiyo yeye na mama walikuwa hawajaonana. Aliingia akihema, akamwona mama amesimama na sinia ya vikombe.

Alisita. Akamkazia macho.

"Ndiwe!" akasema. "Ndiwe Bayan wa Kuze! Nyumba ya ngazi nyekundu!"

"Nilikaa Kuze zamani, mama," akajibu mama. "Nani mwenzangu?"

"Umenisahau! Nilikuletea mtoto! Binti yangu kalazwa hospitali kwa homa ya uzazi, mtoto analia njaa, hataki chupa, nikabisha kwako. Nawe una mwanao mchanga."

Uso wa mama ulibadilika. "Mtoto yule aliitwa Haroun," akasema polepole.

"Haroun huyo huyo! Jina lilimwelemea, kila siku homa, kila siku homa. Tulipofika Lamu tukambadilisha, tukamwita Zein, akapona!" Bibi wa watu akatugeukia sote, machozi ya furaha yanamtoka. "Wanawake, huyu ndiye aliyempa Zein wangu ziwa! Mungu ni mkubwa, leo anampa na binti!"

Na akapiga kigelegele. Alipiga peke yake mpaka pumzi ikamwishia, na hakuna aliyemwitikia.

Mama aliweka sinia chini. Upande wa pili wa pazia nilisikia kiti kikisukumwa.

"Bi Bayan," sauti ya sheikh ikaita. "Hayo ni kweli? Ulimnyonyesha Zein?"

"Kama Zein ndiye Haroun," akasema mama, "nilimnyonyesha."

"Subhanallah," akasema ami.

Sheikh akataka kila mtu anyamaze. Alikuwa mtu taratibu, na siku hiyo alizidi utaratibu mpaka nilitaka kupiga kelele. Akasema madhehebu yetu sisi hayatazami tone moja. Mtoto akinyonya mara tano, kila mara akashiba na kuliacha ziwa mwenyewe, amekuwa mtoto wa mama yule. Zein angekuwa ndugu yangu na ndoa ni haramu milele. Ikiwa haikufika tano, yeye ni mtu baki, na nikaha iendelee.

Nami huku nyuma ya pazia akili inakimbia. Mtanisamehe, nilianza kutabasamu. Maana hebu tazameni: zikiwa tano, Zein ni ndugu yangu, basi ni maharimu, naenda Pune. Zisipofika tano, Zein ni mume wangu, naenda Pune. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, milango miwili ilikuwa wazi na yote inatokea pale pale.

"Bi Bayan," akauliza sheikh, "zilitimia tano?"

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Sijui," akasema.

"Bi Mwanabaraka?"

"Nilimpeleka asubuhi na jioni," akasema bibi, kigelegele kimemgeukia. "Siku mbili. Au ni tatu? Mara nyingine alikuwa analala tu. Mimi ni mtu mzima, sheikh, msiniulize."

Sheikh akavuta pumzi. "Basi sikilizeni. Kwa shaka hii, mimi siwezi kufunga ndoa. Nitamuoza mtu nduguye, nikamjibu nini Mola wangu? Na kwa shaka hii hii, siwezi kuthibitisha undugu. Huyu kijana hawi mume wala hawi maharimu."

"Kwa hivyo yeye ni nani?" nikauliza kwa sauti. Wanawake wakanivuta buibui.

Ami ndiye aliyesema, na alisema kwa huzuni, simsingizii. "Basi Pune nayo imekwisha."

"Halwa haina makosa," akasema mjombake Zein, akakata kipande. Watu wakala. Mimi nikapanda darini nikaichukua kalamu nyekundu, na mkono ukakataa kuukata mji.

Kesho yake, wasichana wa chuo walipotoka, nilimkabili mama uani. Alikuwa anakunja mikeka.

"Mama, jaribu kukumbuka."

"Nimejaribu."

"Jaribu tena! Asubuhi alikuja, akanyonya. Jioni akaja, akanyonya. Hizo mbili. Siku ya pili?"

"Afaf."

"Sema tano, mama. Au sema tatu. Sema chochote! Ukisema tano naenda, ukisema tatu naenda. Neno moja tu, usiseme sijui!"

"Sikuhesabu, mwanangu," akasema mama. "Nani huhesabu maziwa?"

"Mtu mwingine angehesabu!"

Aliuangusha mkeka. Sijawahi kumwona mama ameangusha kitu kwa hasira.

"Mtu mwingine hakuwa na mtoto anayemfia mapajani," akasema.

Nilikua nikijua kwamba mimi ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

"Alikuwa na siku arubaini na kidogo," akaendelea mama. "Alikuwa hanyonyi tena, hana nguvu ya kuvuta. Maziwa yamejaa, yanauma, yeye hayataki. Ndipo yule bibi akabisha na mtoto wa watu mwenye njaa. Nikampa. Yule anavuta, na huyu wangu ananitazama tu. Wewe unataka nikae nihesabu?"

"Mama..."

"Aliitwa Shekue. Nilipomzika nilimwambia babako nitoe Kuze, nyumba ile siitaki tena. Ndio tukaja Kibokoni. Jina lake sijalitamka tangu siku hiyo, mpaka leo umelitoa kinywani mwangu."

Akaokota mkeka wake akaukunja upya. Ningekuwa mtoto mwema ningemkumbatia nikanyamaza daima. Nilimkumbatia, lakini moyoni nilikuwa nasema, chuo kinafunguliwa mwezi wa saba, chuo kinafunguliwa mwezi wa saba.

Ijumaa Zein alipiga. Ami alinionea huruma, akaenda kusimama mlangoni akatupa mgongo.

"Nimeambiwa yote," akasema Zein. "Nyanya analia tangu siku hiyo. Hali chakula."

"Hata mimi sili."

"Afaf, mimi nitakuwa watakavyosema. Wakisema mume, ni mume. Wakisema ndugu, ni ndugu, nitakungojea stesheni na mwavuli kama ndugu. Lakini asemaye ni mamako. Wewe unataka aseme nini?"

Nilijua ninataka nini kama mwanamke. Nilijua pia kwamba ndoa yenye mnong'ono wa ziwa moja, ami hataifunga hata mama aape mara mia. Undugu ndio uliokuwa na nafasi. Nikawa na kijana upande mmoja na mji upande mwingine.

"Ndugu," nikasema.

Simu ilinguruma tu. Nikadhani imekatika.

"Sawa," akasema Zein mwishowe. "Sawa, dada."

Nikaweka simu chini. Ami aliniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwapita watu bila kuwaamkia, na Kibokoni hilo ni kosa la kusemwa wiki nzima.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia, "Zein yuko radhi niwe dada yake." Sikuongeza neno. Wallahi, sikuongeza neno hata moja.

Mama alinitazama. "Unautaka mji huo kiasi hicho?"

"Sina kingine, mama."

Akarudi kwenye sufuria yake, akaupunguza moto. Hatukuzungumza tena usiku ule wala asubuhi yake.

Siku ya pili, ami akaja mbio. Mama alikuwa amemtuma mtu amwite, yeye na sheikh. Wakakaa sebuleni. Mama akakaa nyuma ya pazia, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mimi nilisimama karibu naye.

"Nimekumbuka," akasema mama.

Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikamwangalia mikono. Alikuwa ameikaza magotini mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Umekumbuka nini, Bi Bayan?" akauliza sheikh.

"Zilitimia tano. Na zilizidi."

"Una yakini?"

"Nina yakini."

"Kwa mtu mwingine ningetaka kiapo," akasema sheikh. "Lakini wewe tangu nikujue hujasema jambo usilolijua. Neno lako linanitosha."

"Niape," akasema mama.

"Hakuna haja."

"Nataka kuapa, sheikh. Asije mtu kesho akamsema mwanangu."

Wakapitisha msahafu chini ya pazia. Mama aliupokea kwa mikono miwili, msahafu anaousomesha kila siku, akaapa. Sauti yake haikutikisika. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ningeweza kusema, mama, usiape. Ningeweza hata kukohoa.

Ami alisema alhamdulillahi mpaka sauti ikampotea. Sheikh akaniombea dua ya safari. Zein ni ndugu yangu, Pune ni mji wangu, na Dama atanisubiri tusafiri pamoja. Ami atakata tiketi, atafanya yote, mradi mtoto wa marehemu aende.

Walipoondoka nilimfuata mama.

"Mama, ulikumbuka kweli?"

"Kafunge mkoba wako," akasema.

"Mama."

"Usiniulize jambo ukalijua, Afaf. Ukilijua utashindwa kwenda." Akavaa kanga yake akajilaza, jua bado liko juu, mama ambaye hajilazi mchana hata akiwa na homa.

Asubuhi nilifunga mkoba. Nilitia kamusi, buibui mbili, viatu vya mvua ambavyo Dama alininunulia Makupa kwa mzaha. Nikasikia wasichana wa chuo wanaingia uani, wanapanga viatu mlangoni kama kawaida. Nikangoja kusikia sauti ya mama ikianza, na wao kuitikia.

Sikusikia kitu. Nikachungulia.

Mama alikuwa amesimama mbele yao, mikono mitupu.

"Rudini nyumbani," akawaambia. "Waambieni wazee wenu wawatafutie mwalimu mwingine."

"Leo tu, mwalimu?" akauliza binti wa sheikh.

"Siku zote."

"Tumekosa nini?"

"Nyinyi hamkukosa kitu. Kurani haisomeshwi na mtu kama mimi. Nendeni."

Walivaa viatu vyao wamechanganyikiwa. Binti wa sheikh alikuwa analia. Uani kukabaki mikeka, na mama akaanza kuikunja, mmoja mmoja, akaipeleka stoo ambamo haijawahi kulala tangu nizaliwe.

Nilishuka ngazi nikamshika mkono. "Mama, nitakwenda kwa sheikh. Nitamwambia umechoka, umekosea, hukuwa na hakika. Ataelewa."

"Ataelewa kuwa Bayan aliapa uongo juu ya msahafu," akasema mama. "Wewe utabaki bila mji, na mimi nitabaki bila uso. Nimeshatoa, Afaf. Usinitolee bure."

"Siwezi kwenda hivi."

"Basi ungeniambia jana."

Nikauachia mkono wake.

Mlango ulibishwa. Alikuwa ami Shamsudin, uso unang'aa, kanzu ya Ijumaa siku isiyokuwa Ijumaa. Akanitia tiketi mkononi. "Mji wako huo, mwanangu. Marehemu angefurahi."

Na nyuma yake, amesimama kizingitini, alikuwa sheikh, ameshika mkono wa bintiye, macho ya mtoto mekundu.

"Nilikuwa nakwenda kwingine," akasema sheikh, "nikamkuta mwanangu njiani analia. Anasema mwalimu amefunga chuo. Anasema mwalimu amesema hafai kusomesha." Akamtazama mama. "Bi Bayan, kuna nini? Umeapa jana, umefunga chuo leo."

Uongo mama alikuwa nao mmoja tu, na ameshautumia.

Ami akaacha kutabasamu. Alimwangalia mama, akaangalia stoo na mikeka iliyokunjwa, akaanza kuelewa kidogo kidogo.

Sheikh akanigeukia mimi.

"Afaf," akasema kwa upole, "mama anaumwa?"

Mama alinikazia macho. Tiketi ilikuwa imeanza kulowa jasho kiganjani mwangu. Binti wa sheikh alikuwa ananitazama, na wote walikuwa wananingoja.

Nikafungua kinywa.